MPIRA UKIISHA, NANI ATAKUBEBA?



Karatasi hii umepewa mkononi na mtu usiyemjua, na pengine unataka kuikunja uifungie karanga. Ngoja kwanza. Isome hata ukiwa umesimama kwenye daladala. Haikuandikwa ili kukutukana. Sitakuita mlevi, maana wengi watakaoisoma si walevi. Ni vijana tu, wenye kazi zao au wanaotafuta kazi, ambao Jumamosi jioni wana mahali pao pa kukaa na wenzao, mpira unachezwa, chupa ziko mezani. Leo tunataka kuzungumza habari za mahali hapo.

Ni wapi? Kila mtu anapo pake. Hapa Dar es Salaam mwingine humwambii kitu kuhusu Sinza. Anataka baa yenye uwanja mpana, viti vya plastiki chini ya miti, skrini kubwa ukutani, moshi wa mishikaki unatoka jikoni, na mhudumu anayemjua kiasi kwamba hamuulizi tena kama anataka ya baridi au ya moto. Mwingine haendi mbali. Yeye ni grosari ya mtaani kwao Tandika au Mwananyamala, mabenchi mawili, TV juu ya friji, na mwenye grosari anayeandika deni kwenye daftari. Mwingine mfuko haumruhusu. Huyo anakwenda kibanda umiza, analipa kiingilio, anabanwa kwenye benchi na jasho la wenzake, kinywaji chake amekuja nacho ndani ya koti.

Na kila mmoja ana sababu zake. "Pale umeme ukikatika wana jenereta, hukosi goli." "Pale kitimoto chao usipime." "Pale wote ni Yanga, hakuna wa kukuudhi." Ukiwasikiliza wanavyobishana baa ipi ni bora, utadhani wanabishana habari za makanisa!

MPIRA SI DHAMBI

Nataka tuelewane mapema, kwa sababu wapo wahubiri wanaoupigia mpira kelele kana kwamba shetani ndiye aliyeushona wa kwanza. Mimi siungani nao. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, Simba mwaka 1936. Babu zetu walizipenda. Baba zetu walizifuata kwa kuzunguka redio moja ya betri mtaa mzima, maana Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Simba ilipofungwa fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, watu walilia. Yanga ilipofungwa 2-1 hapa kwa Mkapa katika fainali ya Shirikisho mwaka 2023, ikaenda Algiers ikashinda 1-0 na bado ikalikosa kombe kwa sheria ya goli la ugenini, watu walilia. Simba ilipotoka 1-1 na RS Berkane kule Zanzibar Mei 2025, ikiwa imeshafungwa 2-0 Morocco, watu walilia tena. Machozi hayo si dhambi. Mimi namwogopa zaidi mtu asiyeweza kulilia kitu chochote.

Mungu aliyempa Messi ule mguu wa kushoto ndiye aliyekupa wewe macho ya kuufurahia. Fainali ya Qatar, tarehe 18 Desemba 2022, 3-3 halafu penalti, hata wazee wa kanisa walichungulia. Sitataja majina.

Kwa hiyo ukikaa nasi hatutakuchania jezi yako. Kaa tu.

SASA PALE UNATAFUTA NINI?

Hebu tuulizane kama ndugu. Bia ipo hata dukani. Ungeweza kununua, ukanywa chumbani kwako, ukasoma matokeo kwenye simu. Hufanyi hivyo. Unapanda daladala mbili kwenda kukaa kwenye kiti cha plastiki. Kwa nini?

Kwa sababu ukiingia pale kuna mtu anapaza sauti kukuita jina. Wamekuwekea kiti. Ukichelewa wanapiga simu: "Uko wapi we, mechi inaanza!" Wiki nzima bosi hajakuita jina, amekuita "we kijana". Nyumbani ukionekana mlangoni unaulizwa hela. Halafu Jumamosi saa kumi na moja jioni kuna watu wanne wamekuwekea kiti na hawataki mtu mwingine akikalie. Ndiyo maana unakwenda, wala sikushangai.

Na goli likiingia! Mwanamume mzima anarushwa juu, anakumbatiwa na watu watatu kwa mpigo, mmoja hata hamjui. Wapo vijana ambao baba zao hawajawakumbatia hivyo tangu wazaliwe. Wanakumbatiwa baa, dakika ya 90, na mtu asiyewajua majina.

Hiyo ni njaa halali kabisa. Mungu ndiye aliyeiweka. Soma Mwanzo 2:18. Adamu alikuwa bustanini, chakula kipo, maji yapo, dhambi bado haijaingia, na bado Mungu akaona hapo pana kasoro: mtu yuko peke yake. Basi ukijisikia unataka kusubiriwa na watu, hujaugua. Umeumbwa hivyo.

Ila tuangalie bei yake. Chukua kalamu. Ligi Kuu ya Uingereza kila timu inacheza mechi 38. Tuseme wewe ni mtu wa kiasi, chupa nne tu kila mechi ya timu yako. Hizo ni chupa 152. Kama ni chupa ya nusu lita, umekunywa lita 76. Zidisha mwenyewe kwa bei ya pale unapokaa. Na hapo hujaweka Ligi Kuu yetu. Hujaweka Ligi ya Mabingwa. Hujaweka ofa, maana mezani hanywi mtu peke yake: mmoja akizungusha meza, wote mtazungusha, na aliyetoka nyumbani na nia ya mbili anaondoka na saba. Hujaweka nyama. Hujaweka mkeka.

Mkeka nao! Siku hizi mtu anatazama mpira simu iko mkononi. Ameweka timu kumi na mbili, kumi na moja zimempa, moja imemchania dakika za nyongeza. Mwangalie usoni. Timu yake anayoipenda tangu utoto imeshinda na yeye hana habari, anaitukana timu ya Denmark ambayo hajui hata jezi yake ni rangi gani. Mpira uliokuwa furaha yake umegeuka kuwa mdai.

Tena si pesa tu. Shirika la Afya Duniani lilitamka Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya ya mtu. Mwaka 2024 likatoa taarifa kwamba katika mwaka 2019 pombe iliua watu milioni 2.6 duniani, na kwamba kwa uwiano umri unaopigwa zaidi ni wa miaka 20 hadi 39. Hao si wazee wa kilabuni. Hao ni wewe na mwenzako mnaochangia meza.

Serikali ilipiga marufuku viroba mwaka 2017, na ilifanya vema. Lakini kiu ya aliyekuwa akinywa viroba haikupigwa marufuku. Ilihamia kwenye chupa. Hakuna bunge linaloweza kutunga sheria ya kuingia ndani ya mtu.

Biblia ililijua jambo hili kabla ya kiwanda chochote cha bia. Fungua Mithali 23, mstari wa 29 hadi 35. Yule mwandishi alikuwa ameangalia kwa makini! Anaeleza macho mekundu, ugomvi usio na sababu, majeraha ambayo mtu hajui ameyapata wapi. Anaeleza mtu anayeyumba kama aliyelala juu ya mlingoti wa jahazi katikati ya bahari. Na mwishoni anamsikia yule mtu mwenyewe akisema kwamba amepigwa wala hakusikia maumivu, kisha anauliza ataamka lini ili akatafute tena. Akatafute tena! Ninyi mnaita kuzimua. Miaka elfu na zaidi imepita tangu yaandikwe hayo, na Jumapili asubuhi ukipita mtaani saa mbili utawakuta wamekaa pale pale, supu ya moto mbele yao na chupa pembeni.

HATA WALIOKUWA NDANI YA TV

Utasema, "Mimi najiweza. Mimi si kama yule." Basi acha nikupe watu wawili wa mpira, wote walikuwa wanaume wa nguvu kuliko mimi na wewe.

George Best wa Manchester United. Kijana wa Belfast. Mwaka 1968, akiwa na miaka 22, alichukua Kombe la Ulaya na tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya mwaka huo huo. Wazee walioona wanasema mabeki walikuwa wakikaa chini. Pombe ilimtoa uwanjani mapema. Mwaka 2002 madaktari walimwekea ini la mtu mwingine. Fikiria jambo hilo, amepewa ini jipya! Akarudi kwenye chupa. Alipokuwa kitandani mara ya mwisho aliruhusu picha yake ichapishwe gazetini ili wengine waonywe wasife kama yeye. Akafa tarehe 25 Novemba 2005, ana miaka 59.

Wa pili ni Tony Adams, kapteni wa Arsenal. Mwaka 1990 aliendesha gari amelewa, akagonga ukuta, akafungwa jela. Alitoka jela, akaendelea kunywa, na bado alikuwa kapteni, bado watu walimshangilia. Mwaka 1996 aliwaambia wenzake waziwazi kwamba yeye ni mlevi na hawezi peke yake. Akaacha. Baada ya hapo akanyanyua ubingwa wa Uingereza mwaka 1998 na tena mwaka 2002, na mwaka 2000 alianzisha kituo cha kuwasaidia wanamichezo wenye shida kama yake. Sisemi kwamba aliokoka. Hayo ni yake na Mungu. Nasema alifanya jambo ambalo Best hakuweza kulifanya likadumu. Alisimama mbele ya watu akasema, "Siwezi." Mtu mwenye mabega kama yale, kapteni, akasema hawezi.

Wewe bado unasema unajiweza.

MEZA YA WATU WATANO

Sasa turudi kwenye meza yenu. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya nyingi zinaanza saa nne usiku kwa saa zetu, na kule kukiwa baridi zinaanza saa tano. Kipenga cha mwisho kinalia karibu saa saba usiku. Mhudumu anageuza viti juu ya meza. Huyo mhudumu naye, hebu mwangalie siku moja. Amesimama tangu mchana, ameguswa na mikono ya wanaume ambao hakuwaomba wamguse, amecheka vichekesho ambavyo havimchekeshi, na nyumbani ana mtoto aliyelala kwa jirani. Dada, kama ni wewe unayesoma, karatasi hii ni yako kama ilivyo ya wateja wako.

TV imezimwa. Bili imekuja, na hapo ndipo mmoja anakumbuka kwenda msalani. Mnatoka nje. Wewe miguu haikusikii tena.

Ni haki niseme ukweli: washikaji zako si watu wabaya. Wapo watakaokushika kwapa, wakupakie kwenye bajaji, wakulipie nauli, wakutolee simu mfukoni ili isiibiwe. Mungu awabariki kwa hilo. Wapo pia watakaokupandisha bodaboda ambayo dereva wake alikuwa meza ya jirani, na hapo sijui tuseme nini. Lakini hata yule mwema kuliko wote, anakufikisha wapi? Mlangoni. Anagonga, anakuegemeza ukutani, anaondoka. Anayefungua ni mama yako. Saa saba na nusu usiku, khanga moja, taa ya simu mkononi. Haulizi timu gani imeshinda.

Asubuhi wale wanne wako wapi? Wamelala, kila mmoja kwake. Kodi ya chumba unaikabili peke yako. Kipimo ulichokwenda kupima hospitali unakikabili peke yako. Yule binti aliyekwambia ana mimba, unamkabili peke yako. Kuna mtu hapo mezani aliyewahi kujua kwamba usiku hulali? Mnajuana timu, mnajuana kilaji, hamjuani machozi.

Yule kijana wa Luka 15 aliyechukua urithi wake akaenda nchi ya mbali, alikuwa na meza kubwa kuliko yenu. Pesa ilipokwisha, njaa ikaingia, Biblia haimtaji rafiki hata mmoja aliyemletea hata ganda. Alikuwa anawatamani nguruwe chakula chao. Wazee wetu walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Lakini ipo meza nyingine ya watu watano, soma Marko 2, mstari wa 1 hadi 12. Mtu mmoja amepooza, hawezi kutembea. Ana wenzake wanne. Wakasikia Yesu yuko Kapernaumu ndani ya nyumba. Wakambeba na mkeka wake (huu ni mkeka wa kulalia, si ule wenu!). Walipofika, mlango umejaa watu, hapapitiki. Wangeweza kumwegemeza ukutani wakaondoka. Nani angewalaumu? Walifika mlangoni. Hao watu walipanda juu ya dari, wakalitoboa, nyumba ya mtu, vumbi likawashukia waliokuwa wanasikiliza mahubiri, wakamshusha mwenzao kwa kamba mpaka miguuni pa Yesu.

Na Yesu aliangalia juu. Neno linasema aliiona imani yao, wale wanne. Kisha akamgeukia yule mgonjwa. Wote walidhani atasema habari za miguu. Akaanza na dhambi! Akamsamehe kwanza, kwa sababu alijua mtu anaweza kutembea vizuri kabisa na ndani akawa amelala kifudifudi. Halafu akamwambia asimame, abebe mkeka wake, aende nyumbani kwake. Yule aliyeletwa amebebwa, alirudi amebeba. Aliingia nyumbani kwake kwa miguu yake mwenyewe. Hebu fikiria aliyemfungulia mlango alisema nini.

Kijana, hicho ndicho kinachokosekana pale kwenye meza yenu. Upendo mnao, ucheshi mnao, uaminifu kwa timu mnao kuliko wakristo wengi kwa kanisa lao. Hakuna hata mmoja kati yenu anayejua njia ya darini.

NA SISI WA KANISANI

Hapa naomba walokole wenzangu nao wasikie, maana karatasi hizi mnazigawa bila kuzisoma.

Baa inamkumbuka mtu. Akikosa Jumamosi mbili, ya tatu wanauliza, "Yule yuko wapi? Anaumwa?" Sisi je? Mtu anaweza kuingia ibadani miezi mitatu, akakaa kiti cha nyuma, akatoa sadaka, akatoka, na hakuna aliyemuuliza jina. Akija ananuka pombe tunamsogelea mbali. Halafu tunashangaa anarudi kule alikowekewa kiti! Bwana Yesu alikaa meza moja na watoza ushuru mpaka wakamsingizia kuwa ni mlafi na mlevi, yapo hayo Mathayo 11:19. Hakulewa. Lakini alikaa karibu nao kiasi kwamba waongo wakapata la kusema. Sisi nani ametusingizia jambo la namna hiyo? Tumekaa mbali mno.

Hapa Sinza kuna kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy. Vijana wa leo wanashuka pale hawajui Remmy ni nani. Ni Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, mwanamuziki wa Super Matimila. Dansi yake ilijaza kumbi za jiji hili, na mwaka 1989 sauti yake ilitoka kwenye albamu iliyotengenezwa Uingereza. Mtu aliyezijua baa na kumbi za Dar es Salaam kuliko mimi na wewe. Mtu huyo aliokoka. Akaacha dansi, akaimba nyimbo za Injili mpaka alipofariki Desemba 2010. Sauti ni ile ile, hakupewa nyingine. Mungu hakuitupa, aliigeuza ilikokuwa inaelekea.

Wapo watakaokwambia ukiokoka furaha imekwisha, utakaa umenuna na Biblia kwapani. Si kweli! Siku ya Pentekoste, Matendo sura ya 2, Roho Mtakatifu aliposhuka watu waliokuwa nje walisikia kelele ile wakasema hawa wamelewa. Petro ikabidi asimame kuwatetea, akawaambia hawajalewa, kwanza ndiyo kwanza saa tatu asubuhi! Soma mbele kidogo uone: walikula pamoja nyumba kwa nyumba, mwenye nacho akamgawia asiye nacho. Walikuwa na furaha iliyofanana na ulevi, na asubuhi yake hakuna aliyeumwa kichwa, hakuna aliyekosa nauli.

UTAFANYA NINI JUMAMOSI?

Mpira utachezwa tu, nami sikwambii uache kuutazama. Nakwambia badilisha meza. Itafute nyumba ya ndugu aliyeokoka mwenye TV, kaeni sita au saba, chai, karanga, chipsi, pigeni kelele, taniane habari za Simba na Yanga mpaka majirani wachungulie. Ninyi vijana wa kanisani mlio na sebule, zifungueni. Msimwambie mtu aache baa halafu mkamwacha Jumamosi jioni ameketi kitandani anatazama ukuta.

Kama wewe umefika mahali unakunywa kila siku, na ukikosa mikono inatetemeka na jasho linakutoka, usijifungie chumbani ukaacha ghafla peke yako. Ni hatari kwa mwili. Nenda kituo cha afya, mwambie daktari ukweli wote. Kuombewa na kutibiwa havigombani. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu.

Na wewe unayesema, "Nimeshachelewa, nimeharibu mengi," je, unaikumbuka Istanbul? Tarehe 25 Mei 2005, saa tatu na dakika 45 usiku kwa saa zetu. Mapumziko, Milan 3, Liverpool 0. Aliyelipa bili akaenda kulala alilala na 3-0 yake. Kipindi cha pili ndani ya dakika sita yakarudi yote matatu, na kombe likachukuliwa kwa penalti. Ule ni mpira tu, miguu ya wanadamu. Mimi nakwambia habari za Yesu aliyekufa msalabani kwa ajili ya dhambi zako, akazikwa, na siku ya tatu kaburi likawa tupu. Wewe una miaka 22 na unataka kulipa bili uondoke?

Kama moyo wako unakugonga hapo ulipo, usingoje mkutano wa kesho. Sema maneno haya, kwa sauti au kimyakimya, anakusikia:

Bwana Yesu, mimi hapa. Nimetafuta wa kunisubiri mahali pengi, nimechoka. Dhambi zangu unazijua, hata zile ambazo wenzangu wa mezani hawazijui. Naomba unisamehe. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na kwamba u hai. Siwezi kujinyanyua mwenyewe; nibebe. Ingia maishani mwangu leo, nijaze Roho wako, unipe ndugu wa kutembea nao. Na wale wanne wangu, Bwana, usiwaache. Amina.

Kama umeomba hivyo, usirudi nyumbani kimya. Mtafute aliyekupa karatasi hii, mwambie, "Nimeomba." Kama humwoni, sogea mbele jukwaani baada ya mahubiri, kuna ndugu na dada wamesimama pale kwa kazi hiyo, waambie jina lako na mtaa unaokaa. Ukifika nyumbani soma Marko sura ya 2 tena, taratibu. Jumamosi wakikupigia simu, pokea. Waambie ulipo, na waambie kuna viti vinne.